Kiti cha Magurudumu Chenye Viegemeo vya Kuinua Miguu: Yafaa Kinunuliwe na Nani?

Mtu akivunjika mguu katika ajali ya pikipiki, akatoka hospitali mguu mzima ukiwa ndani ya plasta tangu pajani hata vidoleni, jambo la kwanza ambalo jamaa zake hulitafuta ni kiti cha magurudumu. Huenda dukani, au kwa mtu anayekodisha, nao huonyeshwa viti viwili vinavyofanana sana. Kimoja kina vikanyagio vya kawaida, ambavyo miguu hukaa juu yake ikiwa imekunjwa magotini. Cha pili kina viegemeo virefu zaidi, vyenye mito midogo ya kushika shavu la mguu kwa nyuma, navyo huweza kuinuliwa mpaka mguu unyooke mbele sawasawa na kiti. Hiki cha pili huwa ghali zaidi. Basi wengine hukinunua kwa kuwa ni ghali, wakidhani ya kuwa kilicho ghali ndicho bora. Na wengine hukiacha kwa sababu hiyo hiyo. Yamkini wote wamekosea, maana bei si kipimo cha mguu.

Chombo chenyewe ni rahisi kukifahamu. Kwenye fremu ya kiti, karibu na goti, pana bawaba. Mtu akivuta kiegemeo kwenda juu, meno ya chuma yaliyomo hukishika hatua kwa hatua, nacho hakirudi chini mpaka ubonyezwe mkono mdogo wa chuma ulio ubavuni. Mwisho wake pana kikanyagio cha kutulizia unyayo. Katika viti vingi kiegemeo chote huweza kugeuzwa upande au kung'olewa kabisa, ili mgonjwa akaribie kitanda bila kizuizi.

Fikira hii ya kuinua miguu si mpya. Mfalme Philip wa Pili wa Hispania aliteswa mno na jongo katika uzee wake, hata kutembea kukamshinda. Ilipofika mwaka 1595 alikuwa na kiti chenye magurudumu madogo, ambacho egemeo lake la mgongo liliweza kulazwa, na mahali pa miguu paliweza kuinuliwa. Mtumishi wake mmoja, Jehan Lhermite, alikichora kiti hicho, na picha yake ingalipo mpaka leo. Kiti cha kukunjwa cha mabomba ya chuma, ambacho ndicho baba wa viti vingi vinavyoonekana hospitalini siku hizi, kilikuja nyuma sana, katika miaka ya 1930 na kitu, huko Los Angeles, Marekani. Mhandisi Harry Jennings alikitengeneza kwa ajili ya rafiki yake Herbert Everest, aliyeumia mgongo katika ajali ya mgodini mwaka 1918. Lakini katika jambo la miguu, fundi wa mfalme alikuwa amefahamu siri ambayo wauzaji wengi wa leo hawaitaji: aliinua miguu na kulaza mgongo pamoja. Sababu yake itaonekana hapa chini.

Kwanza yafaa kujua ni nani hasa anayehitaji viegemeo hivi. Wa kwanza ni yule ambaye goti lake haliwezi kukunjwa, au limekatazwa kukunjwa: mwenye plasta ndefu, mwenye vyuma vya nje vilivyopenya mpaka mfupani ili kuushika, au mwenye goti lililokauka kwa ugonjwa wa viungo. Huyu hana shauri jingine. Akipewa kiti cha vikanyagio vya kawaida, mguu wake utaning'inia hewani, au jamaa zake wataufungia ubao kwa kamba, na mwishowe utagonga mlango.

Wa pili ni mtu aliyekatwa mguu chini ya goti. Watu wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa maana mguu haupo tena, sasa cha kuegemeza ni nini? Ni kigutu. Kigutu kikiachwa kining'inie siku nyingi, goti huzoea kukunjika na kano zake hufupika, na siku mguu wa bandia utakapoletwa, goti litakataa kunyooka. Kwa hiyo mtu huyu hupewa kiegemeo chenye mto wa kushikilia kigutu kikiwa kimenyooka, au ubao maalumu unaotokeza chini ya mto wa kukalia. Ubao huo ni mwepesi, nao huweza kufanywa na fundi seremala mwenye akili baada ya kuonyeshwa kipimo na wataalamu wa hospitali.

Wa tatu, na ndio wengi kupita wote, ni wale ambao miguu yao huvimba. Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Mzee hukaa kitini tangu asubuhi, ikifika alasiri viatu havimwingii tena, na mwuzaji humwambia binti yake ya kuwa kiti cha kuinua miguu kitaondoa uvimbe. Maneno hayo yana ukweli kidogo tu. Maji yaliyokusanyika miguuni hurudi vyema zaidi ikiwa miguu iko juu kuliko moyo. Sasa mtu akikaa wima, na miguu yake ikanyooshwa mbele mpaka mwisho, imefika wapi? Imefika usawa wa kiti tu, na moyo ungali juu yake kwa zaidi ya futi moja. Ndiyo maana kiti cha mfalme kililazwa nyuma pia. Kiti ambacho mgongo wake haulali hakiwezi kuifanya kazi hiyo ipasavyo, hata viegemeo vyake viwe vizuri namna gani. Kwa mzee kama huyo, kulala kitandani saa moja mchana, miguu ikiwa juu ya mito, na kuchezesha vifundo vya miguu mara kwa mara akiwa kitini, huweza kumfaa kuliko chuma cha kununua.

Tena uvimbe wenyewe si ugonjwa mmoja. Mguu mmoja ukivimba ghafula, ukawa na joto na maumivu, yamkini damu imeganda ndani ya mshipa, na hilo ni jambo la kupelekwa hospitali siku ile ile. Miguu yote miwili ikivimba pamoja na pumzi kuwa fupi, huenda moyo au mafigo ndiyo yenye kasoro, na kuinua miguu bila shauri la daktari huweza kumzidishia mgonjwa taabu. Na wako watu, hasa wenye ugonjwa wa sukari na wavutaji wa sigara wa miaka mingi, ambao mishipa ya kupeleka damu miguuni imeziba. Hao huumwa miguu usiku, nao hupata nafuu wakiining'iniza kando ya kitanda. Mtu wa namna hiyo akiinuliwa miguu, damu kidogo iliyokuwa ikifika hupungua zaidi. Jamaa humwona anateseka, wakainua zaidi, wakidhani wanamsaidia.

Lakini hatari ambayo haitajwi kabisa dukani iko mahali pengine, nayo haionekani miguuni bali makalioni. Nyuma ya paja kuna misuli mirefu inayoanzia kwenye mfupa wa makalio na kuishia chini ya goti. Misuli hiyo hupita juu ya viungo viwili, yaani nyonga na goti. Mtu akikaa kitako huwa tayari imevutwa upande wa nyonga; akinyosha na goti pia, huvutwa pande zote mbili kama kamba. Kijana mchezaji wa mpira huvumilia mvuto huo. Mzee, au mtu aliyepooza kwa kiharusi, au aliyekaa kitini muda mrefu, misuli yake imekwisha fupika. Basi miguu yake ikiinuliwa, kamba ile haina mahali pa kupata urefu ila kwa kuivuta nyonga mbele. Makalio huteleza, mgongo hupinda kama upinde, na uzito huangukia kifandugu, pahali ambapo hapana nyama bali ngozi na mfupa tu.

Jamaa wakimwona anateleza, humvuta juu kwa makwapa, pengine mara kumi kwa siku, na kila mara ngozi ya makalio husuguliwa. Wengine humfunga mkanda, wasijue ya kuwa ni miguu inayomvuta. Baada ya muda mfupi hutokea doa dogo, halafu kidonda, na kidonda cha namna hii huweza kuila nyama mpaka mfupani. Wako watu waliookoka katika ajali au kiharusi, wakafa baadaye kwa sumu iliyoingia katika damu kutoka kwenye kidonda cha makalio. Kwa hiyo kupimwa kabla ya kununua si anasa.

Kipimo cha kwanza huweza kufanywa nyumbani kwa mtu asiyekatazwa kukunja wala kunyosha goti. Mgonjwa hukalishwa wima juu ya kiti kigumu au benchi, na mtu mmoja huweka kiganja nyuma ya kiuno chake. Mwingine huushika mguu kisiginoni na kuuinua polepole. Binti aweza kumwambia mzee wake: "Baba, niachie uzito wote wa mguu, usinisaidie, ukisikia nyuma ya paja kunavuta, niambie." Mara kiganja kikisikia kiuno kinaanza kurudi nyuma na mgongo kupinda, hapo ndipo mwisho. Kiegemeo kisiinuliwe kupita hapo, hata kama chuma chenyewe kinaweza kwenda mbele zaidi. Ikiwa mwisho huo uko karibu na pale goti linapokuwa limekunjwa kawaida, basi viegemeo vya kuinua havina faida kwa mtu huyo, na kuvinunua ni kununua kidonda. Mtu ambaye goti lake limekazwa na plasta, na mgongo wake unapinda akikaa, hulazimika kupata kiti ambacho egemeo la mgongo hulala nyuma kidogo, ili nyonga ifunguke.

Vipimo vingine ni vya kiti chenyewe, na hivi vyote huchukuliwa mgonjwa akiwa amekalia mto atakaoutumia, kwa kuwa mto humwinua na kubadili urefu wa mguu. Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga zake, au uzidi kidogo tu. Watu hupenda kununua kiti kipana "ili akae raha", naye hukaa upande kama mzigo uliolegea. Kina cha kiti hupimwa tangu nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, kisha hupunguzwa sentimita tatu hata sita, ili ukingo wa kiti usikate nyuma ya goti. Kikanyagio kiwekwe mahali ambapo paja lote limelala juu ya mto. Kikiwa juu mno magoti hupanda na uzito wote hurudi makalioni, kikiwa chini mno mgonjwa huteleza akikitafuta. Chini ya kikanyagio pabaki nafasi ya sentimita tano hivi kutoka ardhini, la sivyo kitagonga kila jiwe.

Hapa kuna ila moja ya viegemeo vya kuinua ambayo mnunuzi hana budi kuijua. Bawaba ya chuma na goti la mtu haviko mahali pamoja; bawaba aghalabu iko chini ya goti. Kwa hiyo chuma kikipanda, urefu wake haulingani tena na urefu wa mguu, na kikanyagio huusukuma unyayo kuelekea mwilini. Goti huinuka, au nyonga husukumwa nyuma. Viko viegemeo vya namna bora ambavyo hurefuka vyenyewe kadiri vinavyoinuliwa, lakini bei yake ni kubwa na hupatikana kwa shida. Kwa kiegemeo cha kawaida, dawa ni kulegeza bolti na kushusha kikanyagio baada ya mguu kuinuliwa pale utakapokaa siku nyingi, kisha kupima tena. Kazi hiyo yataka spana na dakika tano tu, na ajabu ni kwamba karibu hakuna anayeifanya.

Mto wa shavu la mguu nao huangaliwa. Ushike nyama ya shavu, usikae nyuma ya goti penyewe. Tena mguu usilalie chuma kwa upande wa nje chini kidogo ya goti, kwa sababu hapo mshipa wa fahamu hupita juu ya mfupa, karibu sana na ngozi. Ukigandamizwa kwa muda mrefu, unyayo huweza kulegea usiweze kuinuka. Mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye miguu yake imekufa ganzi, hatasikia chochote, basi ni lazima macho ya mtu mwingine yamwangalie kila jioni. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vyema. Dalili za kutafuta ni pahali palipozidi kuwa peusi, palipo na joto kuliko kando yake, au pagumu kwa kidole.

Baada ya mwili huja nyumba na njia. Kiti cha kawaida cha chuma kina uzito wa kilo 16 hata 20, na jozi ya viegemeo vya kuinua huongeza kilo moja au mbili juu yake. Urefu wake, vikanyagio vikiwa chini, ni kama mita moja na kidogo. Miguu ikinyooshwa huzidi hapo kwa futi nzima. Mtu anayeishi katika chumba kimoja Nairobi apime kwanza kama kiti kitaweza kugeuka kati ya kitanda na meza, na kama kitaingia chooni, kwani mlango wa choo aghalabu ni mwembamba kuliko milango yote. Shambani, katika udongo mwekundu wakati wa mvua, au kwenye mchanga wa pwani, magurudumu madogo ya mbele huzama, na uzito wa miguu iliyonyooshwa huyazamisha zaidi. Mwenye kusukuma hana budi kukiinamisha kiti nyuma juu ya magurudumu makubwa. Katika matatu viegemeo hung'olewa, navyo ndivyo vitu vinavyosahaulika chini ya viti vya abiria; tena cha kulia hakiingii kushoto, kwa hiyo aliyepoteza kimoja amepoteza haja ya vyote viwili. Fundi akivifunga alama ya rangi, mmoja rangi hii na mwingine ile, taabu hupungua.

Jambo la kupinduka ni kubwa. Miguu miwili iliyonyooshwa mbele, hasa yenye plasta, huvuta uzito wa kiti mbele. Mgonjwa akiinama kuokota kitu, au akishushwa mteremkoni uso ukielekea chini, kiti huweza kupinduka kifudifudi. Mteremkoni kiti hushushwa kinyumenyume, msukumaji akitangulia chini. Kwa aliyekatwa miguu hatari ni kinyume chake: uzito wa mbele umepungua, na kiti huanguka chali, kwa hiyo magurudumu makubwa hurudishwa nyuma kidogo kwenye fremu, ikiwa kiti kimetengenezwa kwa namna hiyo. Kabla ya mtu kuingia au kutoka kitini, breki zifungwe na viegemeo vigeuzwe kando. Kukanyaga kikanyagio na kusimama juu yake ni kuomba kuanguka. Na anayebonyeza ule mkono wa chuma ili kushusha mguu, mkono wake mwingine uwe umekwisha ushika mguu. Vinginevyo huanguka kwa kishindo, na mfupa ulioanza kuunga hutikisika.

Shirika la Afya la Dunia lilitoa mwongozo juu ya viti vya magurudumu mwaka 2008 kwa ajili ya nchi zisizo na mali nyingi, likatoa mwingine mwaka 2023. Fundisho lake kubwa ni kwamba kumpa mtu kiti si sawasawa na kumhudumia: hupimwa kwanza, kiti hurekebishwa kwa mwili wake, hufundishwa kukitumia, na huitwa tena kuangaliwa. Katika Kenya, Chama cha Walemavu wa Viungo, kijulikanacho kwa herufi APDK, kimefanya kazi hii tangu mwaka 1958, nacho kina karakana za viti; ile ya Bombolulu, Mombasa, ni maarufu. Liko pia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambalo hupokea maombi ya vifaa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imetaja kuwa ni haki ya mtu mwenye ulemavu kupata vifaa vya kumsaidia. Mtu anayepeleka ombi aseme wazi ya kuwa anahitaji viegemeo vya kuinua na kwa sababu gani, na barua ya daktari au ya mtaalamu wa tiba ya viungo iandikwe hivyo. Ombi la "kiti cha magurudumu" peke yake huletewa kiti chochote.

Aliyevunjika mguu, na anayetazamiwa kupona, afadhali akodishe au aazime. Mguu ukifunguliwa plasta, goti huwa kavu, nalo huanza kufundishwa kukunjika kwa mazoezi ya kila siku. Hapo kiegemeo kilichokuwa rafiki huwa adui, kwa kuwa mguu ulioachwa umenyooka kwa ajili ya raha huzidi kukauka. Kwa hiyo mwenye kununua kiti chenye viegemeo vya kuinua amwulize mwuzaji kama fremu ile hupokea pia vikanyagio vya kawaida, avichukue siku ile ile, avifunge katika gunia pamoja na spana yake, na kuviweka mahali pakavu mpaka siku ya kukatwa plasta.